Maji ya bwawa yamegoma kung'aa: uanzie wapi ukiwa Arusha au Moshi

Kuna ukungu wa bwawa la kuogelea unaoondoka kwa siku moja, na kuna ule unaohamia kabisa. Huu wa pili ndio ninaoitiwa mara nyingi. Mwenye nyumba amemwaga klorini Jumamosi, Jumapili maji yamekuwa meupe zaidi, Jumatatu yamepungua weupe kidogo, Jumatano yamerudi palepale. Anaongeza dozi. Dukani anauziwa dawa ya mwani, kisha ya kung'arisha, kisha nyingine ambayo hata muuzaji hajui vizuri inafanya nini. Mwezi unaisha, pesa imekwenda, na watoto bado wanauliza wataogelea lini.

Kwa mabwawa mengi ya huku kwetu, kuanzia Njiro na Sakina hadi Shantytown kule Moshi, dawa haijapungua. Tatizo ni chujio lisilochuja, au ni maji yenye alkali nyingi ambayo kila ukiyapa klorini ya unga yanageuza sehemu ya unga huo kuwa chokaa. Yote mawili hayatibiki kwa kumwaga kitu kingine juu yake. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zina mpangilio wake, na dawa zinakuja nyuma. Ukiruka hatua ya chujio ukakimbilia asidi, utakuwa na maji yenye vipimo vizuri na ukungu uleule.

Hatua ya 1: Funga bwawa kwanza

Simama ukingoni upande wa kina kirefu. Kama huoni waziwazi kifuniko cha bomba la chini kabisa, hakuna anayeingia majini, hata mtu mzima anayejua kuogelea. Mtoto akizama kwenye maji ya ukungu haonekani, na dakika chache zinatosha. Funga geti la bwawa, waambie wageni na waambie wafanyakazi wa nyumbani sababu, maana wao ndio wanaobaki na watoto mchana.

Hatua ya 2: Glasi ya maji mezani

Kabla ya vipimo vya duka, chukua glasi ya kioo isiyo na maua wala rangi. Izamishe chini ya uso wa maji hadi mkono uingie kufika kwenye kiwiko, ujaze, uilete mezani, uweke karatasi nyeupe nyuma yake. Sasa tulia utazame.

Kama maji yanaanza kuwa safi ndani ya dakika moja au mbili, na usafi unapanda kutoka chini kwenda juu, ulichokuwa unakiona ni hewa. Pampu inavuta hewa mahali fulani na kuisaga kuwa viputo vidogo sana. Mara nyingi ni mpira wa mfuniko wa kapu la pampu uliokauka, au maji ya bwawa yameshuka chini ya mdomo wa skima, lile tundu la ukutani linalovuta maji ya juu. Jaza maji yafike katikati ya mdomo huo, toa mpira, usafishe, upake grisi ya silikoni. Usipake mafuta ya kujipaka, hayo yanaharibu mpira. Ukiwa na bahati, kazi yako imeishia hapa.

Kama maji hayabadiliki, mimina nusu yake kwenye glasi ya pili na uongeze kijiko cha siki nyeupe, ukoroge. Iliyotiwa siki ikisafika na mwenzake ikabaki na weupe, una chokaa majini. Nenda ukasome kwa makini hatua ya 5.

Zisiposafika zote mbili, ziache hadi asubuhi. Tope jembamba la kahawia au kijivu likilala chini, hilo ni vumbi, na huku kwetu vumbi la udongo wa volkeno ni jembamba kiasi cha kupita katikati ya chembe za mchanga wa chujio. Maji yakibaki na ukungu ulioning'inia wenye dalili ya kijani dhidi ya karatasi nyeupe, ni mwani unaoanza, au mabaki ya mwani uliokwisha kufa.

Glasi haitakupa jibu kamili kila mara. Mabwawa yaliyokaa na ukungu muda mrefu huwa na vitu viwili kwa pamoja. Lakini itakuzuia kununua dawa ya mwani kwa ajili ya tatizo la chokaa.

Hatua ya 3: Pima, na ujue kipimo kinavyodanganya

Unahitaji ujazo wa bwawa lako. Urefu mara upana mara kina cha wastani, kwa mita, kisha mara 1,000. Bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha wastani cha mita 1.5 lina lita 48,000. Nitatumia bwawa hilo kwenye hesabu zote zifuatazo, wewe weka namba zako.

Unapima vitu vitano: klorini huru (iliyo tayari kufanya kazi), klorini jumla (hiyo pamoja na iliyokwisha kushikamana na uchafu), pH, alkali, na kiimarishaji, yaani asidi ya sayanuriki inayoikinga klorini na jua. Viwango vya kulenga ni hivi: klorini huru mg 1 hadi 3 kwa lita, pH 7.2 hadi 7.6, alkali mg 80 hadi 120 kwa lita, kiimarishaji mg 30 hadi 50 kwa lita. Vijiti vya kuchovya vinatosha kwa ukaguzi wa haraka, ila kwa ukungu sugu tafuta kile kisanduku chenye vichupa na matone au vidonge. Angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye matone. Yaliyoachwa kwenye kibanda cha pampu, penye joto na mvuke wa klorini, huharibika upesi.

Sasa, udanganyifu. Nyumba moja ya Njiro nilikaribishwa na mama mwenye nyumba, na baada ya shikamoo na marahaba akaniita pembeni. "Mwanangu, hili bwawa linakula klorini. Kopo zima limeisha na kipimo kinasema sifuri." Kijana anayetunza bustani alinionyesha jinsi anavyopima. Akajaza kichupa, akadondosha matone, na kwa kufumba na kufumbua niliona uwaridi ukipita majini na kupotea, kichupa kikabaki cheupe.

"Umeona, fundi? Sifuri."

Nikamwomba maji ya kunywa ya chupa, ya dukani, yasiyo na klorini. Tukachanganya sehemu moja ya maji ya bwawa na sehemu nne za maji hayo, tukapima upya. Rangi ilikuja na ikakaa: 3. Mara tano, maana yake klorini ilikuwa 15. Klorini ikizidi sana huunguza rangi ya kipimo chenyewe, kwa hiyo anayesoma haraka anaona sifuri na kuongeza nyingine. Klorini hiyohiyo ikizidi huigeuza rangi ya kipimo cha pH kuwa ya zambarau, unadhani pH imepaa kumbe hapana. Ukiona weupe wa ghafla au zambarau isiyoeleweka, punguza kwa maji safi upime tena, au subiri klorini ishuke chini ya 5 ndipo uamini pH.

Chukua maji ya kupima mbali na midomo ya kurudishia maji, kina cha kiwiko, pampu ikiwa imezunguka angalau saa moja. Andika matokeo na tarehe kwenye daftari. Bwawa lisilo na daftari kila fundi analianza upya, kwa gharama yako.

Hatua ya 4: Chujio

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na hapa ndipo wenye mabwawa wanapopita haraka zaidi, kwa sababu pampu inanguruma na maji yanarudi bwawani. Maji kuzunguka si maji kuchujwa.

Anza na mpini wa ile valvu ya juu ya chujio. Ina nafasi kadhaa zilizoandikwa: Filter, Backwash, Rinse, Waste, Recirculate, Closed. Ukiukuta kwenye Recirculate, maji yanazunguka bila kupita kwenye mchanga hata tone, na yanaweza kufanya hivyo kwa miezi. Si kitu adimu. Mtu aliweka hapo akitia dawa, akasahau. Rudisha kwenye Filter. Na sheria isiyo na mjadala: zima pampu kabla ya kugusa mpini huo, kila mara. Kuuzungusha pampu ikiwa inafanya kazi ndiko kunakochana mpira wa ndani wa valvu, na mpira ukichanika sehemu ya maji machafu inarudi bwawani bila kuchujwa. Utaujua kwa dalili hii: mpini uko Filter, pampu inazunguka, na bado bomba la kumwagia nje linatoa maji kidogokidogo.

Kisha geji ya presha. Fanya bekiwoshi, yaani kuosha mchanga kwa kupitisha maji kinyume: zima pampu, mpini kwenye Backwash, washa, acha dakika mbili au tatu mpaka kile kioo kidogo cha pembeni kionyeshe maji masafi. Zima. Mpini kwenye Rinse, washa nusu dakika hadi dakika moja. Zima. Mpini Filter, washa. Wengi wanairuka Rinse, halafu wanashangaa wingu linalotoka kwenye midomo ya kurudishia maji dakika ileile. Ni uchafu uliokuwa umelegezwa, umerudishwa wote. Sasa soma geji na uandike namba hiyo ukutani kwa kalamu nene. Hiyo ndiyo presha ya chujio safi. Bekiwoshi nyingine inafuata presha ikipanda nusu baa hivi juu ya namba hiyo, yaani psi 7 au 8.

Wapo wanaofanya bekiwoshi kila siku kwa sababu maji yana ukungu. Hao wanalizidisha tatizo. Mchanga uliokamata uchafu kidogo unachuja vizuri kuliko uliooshwa sasa hivi, kwa hiyo ukiuosha kila siku hauupi nafasi ya kufanya kazi. Isitoshe unamwaga maji ya kulipia.

Geji isiyopanda kabisa kwa wiki nyingi wakati maji ni machafu inakuambia jambo. Ama geji imekufa (igonge kidogo, zima pampu uone kama inarudi sifuri), ama maji yamejichimbia njia ndani ya mchanga na yanapita bila kukutana na chembe. Fungua mfuniko utazame. Mchanga mzuri umelala sawa na unamwagika vidoleni. Ukikuta mashimo, mabonge magumu, au utelezi wa mafuta ya mwili na ya nywele, umefika wakati wa kuubadilisha. Kwa kawaida mchanga hudumu miaka 5 hadi 7, pungufu ya hapo kama bwawa lina vumbi na sherehe nyingi.

Mchanga wa kuweka ni wa kwatzi uliochekechwa, wa chembe za milimita 0.4 hadi 0.8 au karibu na hapo. Wa kujengea haufai hata ukioshwa mara kumi. Una udongo, una chembe za ukubwa mchanganyiko, na utakuletea ukungu wa kudumu ulioununua kwa bei nafuu. Nimekuta machujio yaliyojazwa mchanga mweusi uleule wa kupigia ripu. Na unapomwaga mchanga mpya, jaza maji nusu chujio kwanza ili usivunje yale mabomba membamba yenye nyufa yaliyo chini. Yakivunjika, mchanga utatoka bwawani. Funga soksi nyeupe kwenye mdomo wa kurudishia maji kwa saa moja: ukikuta mchanga ndani yake, unajua la kufanya.

Mwisho, masaa. Bwawa la lita 48,000 lenye pampu inayopitisha lita 10,000 kwa saa linahitaji karibu saa tano kuzungusha maji yote mara moja, na kuzungusha mara moja hakuchuji kila tone, kwa sababu maji safi yanachanganyika na machafu. Siku za kawaida mpe saa nane, mathalani saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Bwawa likiwa na ukungu, pampu izunguke usiku na mchana kwa siku mbili au tatu mfululizo. Najua LUKU inauma. Pampu ya kilowati 0.75 ikizunguka saa 24 inakula uniti 18. Bado ni nafuu kuliko ndoo ya klorini isiyosaidia.

Na kama una taimu ya kuzungusha kwa vidole, kumbuka kwamba umeme ukikatika nayo inasimama. Ukikatika kwa muda wa saa tatu leo na wa saa nne kesho, taimu imechelewa saa saba, na pampu yako inaanza kazi alasiri wakati wewe unadhani ilianza asubuhi. Ikague kila wiki.

Hatua ya 5: Alkali na pH, ugonjwa wa maji ya Meru

Maji yanayotoka kwenye miamba ya volkeno ya Mlima Meru, hasa ya visima virefu, yana bikaboneti nyingi ya sodiamu, kalsiamu kidogo, na floraidi ile inayoacha meno ya watu wetu na rangi ya kahawia. Floraidi haitibiki kwa dawa za bwawa, usipoteze pesa hapo. Waambie watoto wasiyanywe. Kinachokuhusu ni bikaboneti, kwa sababu ndiyo alkali. Alkali ikiwa juu, pH inapanda yenyewe siku baada ya siku hata ukiishusha, na pH ikipanda klorini inadhoofika. Katika maji yasiyo na kiimarishaji, pH ikiwa 7.5 karibu nusu ya klorini huru ndiyo iliyo katika hali ya kuua vijidudu. Ikifika 8.0 inabaki chini ya robo. Kipimo kinakuonyesha klorini ipo, na mwani unaendelea na maisha yake.

Halafu kuna klorini ya unga yenyewe, ile ya asilimia 65 au 70. Hiyo ni haipokloraiti ya kalsiamu. Kila ukiiweka unaongeza kalsiamu, na unga wenyewe una alkali inayosukuma pH juu. Kalsiamu ikikutana na bikaboneti nyingi kwenye pH ya 8 na zaidi, inaganda kuwa chokaa jembamba na maji yanakuwa kama yaliyooshea mchele. Ndiyo Jumapili ile nyeupe. Chujio likiwa zima linaliondoa kidogokidogo hadi Jumatano, na Jumamosi unaliweka jingine.

Dawa yake ni asidi ya haidrokloriki, inayopatikana maduka ya vifaa vya ujenzi na ya dawa za mabwawa. Kwa lita 48,000, lita moja kasoro kidogo ya asidi ya asilimia 33 inashusha alkali kwa mg 10 kwa lita. Ukipima alkali ukapata 200 na unataka 120, utahitaji karibu lita 8 kwa jumla. Usizimwage kwa pamoja. Weka lita moja jioni, pampu ikizunguka, acha usiku kucha, pima asubuhi. pH ikiwa bado juu ya 7.2, weka nyingine jioni. Ikishuka hapo, simama. Elekeza midomo ya kurudishia maji juu ili uso wa bwawa uchafuke na mawimbi siku nzima. Hewa inapandisha pH bila kupandisha alkali, na kesho unaendelea. Ni kazi ya wiki moja au zaidi. Hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Namna ya kuishika asidi: glavu za mpira, miwani ya kuzuia mrusho, viatu vilivyofunika, upepo uwe mgongoni. Jaza ndoo ya plastiki maji kwanza, ndipo umimine asidi ndani ya maji. Kinyume chake inaruka. Mwaga taratibu ukitembea upande wa kina kirefu, mbali na skima. Na ndoo ya asidi isiwe ndoo ya klorini, hata ikioshwa. Asidi na klorini zikikutana hutoa gesi inayoua, na vibanda vingi vya pampu huku ni vyumba vidogo visivyo na dirisha. Hifadhi kila moja mahali pake.

Moshi, kwa wanaotumia maji ya chemchemi za Kilimanjaro, mara nyingi sikuti alkali ya kutisha hivyo. Ila pima. Ukinunua maji ya boza hujui yametoka kisima gani, na boza la wiki hii si lazima lifanane na la wiki iliyopita.

Hatua ya 6: Klorini, sasa ndiyo zamu yake

pH iwe kati ya 7.2 na 7.4 kabla hujagusa klorini. Kisha fanya jaribio la usiku: pima klorini huru jua likishazama, pampu ikizunguka, usiongeze kitu. Pima tena alfajiri kabla jua halijagusa maji. Ikipungua kwa zaidi ya mg 1 kwa lita, kuna kitu hai au kinachooza kinachoila, kwa sababu usiku hakuna jua la kulaumu. Toa pia klorini huru kwenye klorini jumla. Tofauti ikizidi 0.5, una klorini iliyochoka, ile iliyoshikamana na jasho na mkojo. Ile harufu kali ambayo watu huiita harufu ya klorini nyingi mara nyingi ni ya hiyo.

Katika hali zote mbili unapiga dozi kubwa mara moja. Kwa lita 48,000, kupandisha klorini kwa mg 10 kwa lita kunahitaji gramu 740 hivi za unga wa asilimia 65. Fanya jioni, baada ya saa kumi na mbili, maana jua la Arusha linaiteketeza klorini isiyo na kiimarishaji ndani ya saa chache. Tia unga kwenye ndoo ya maji, si maji kwenye unga. Koroga kwa mti, acha utulie, mwaga yale maji ya juu bwawani na acha masimbi meupe ndani ya ndoo. Hilo peke yake linapunguza weupe unaolalamikiwa. Sugua kuta na ngazi kwa brashi usiku huohuo, kwa sababu mwani hujificha mahali maji hayazunguki. Rudia kila jioni mpaka jaribio la usiku lionyeshe klorini haipungui. Ukipiga dozi moja ukaacha, mwani ulionusurika unarudi na wewe unarudi dukani.

Kama una alkali ya Arusha na chokaa ilikusumbua, kwa dozi hizi kubwa ni afadhali klorini ya maji, isiyoongeza kalsiamu. Jik ya kawaida ya asilimia 3.5 inafanya kazi, isiyo na manukato, ila utahitaji lita 14 hivi kwa kazi ileile.

Vidonge vikubwa vinavyoelea vina hadithi yao. Vinaacha kiimarishaji kila vinapoyeyuka, na kiimarishaji hakitoki isipokuwa maji yatoke. Huku ambako maji ni ghali na watu hawapendi kuyamwaga, nimepima mabwawa yenye zaidi ya mg 150. Katika hali hiyo klorini ya 3 ni kama haipo. Kwa kadirio linalotumika sana, unatakiwa kuwa na klorini huru isiyopungua asilimia 7.5 ya kiimarishaji. Kikizidi 100, badilisha sehemu ya maji. Na usichanganye kamwe vidonge hivyo na klorini ya unga, kwenye ndoo, kwenye kijiko, wala kwenye kisanduku cha kulishia dawa. Vikikutana na unyevu vinaweza kulipuka moto.

Hatua ya 7: Shabu, kwa vumbi lililobaki

Chujio limepona, vipimo vimekaa, klorini haipungui usiku, na bado kuna utando. Hilo sasa ni vumbi au mwani uliokufa, chembe ndogo kuliko uwezo wa mchanga. Hapa tumia shabu ya unga, salfeti ya alumini, ileile wanayotakasia maji ya mto vijijini.

Jaza bwawa hadi juu, kwa sababu utapoteza maji. Mpini kwenye Recirculate. Gramu 40 kwa kila lita 1,000, yaani karibu kilo 2 kwa bwawa letu, koroga kwenye ndoo na usambaze bwawa zima. Zungusha saa moja au mbili, zima pampu, kalale. Asubuhi utaona sakafu imefunikwa na blanketi la kijivu na juu maji ni kioo. Hapo ndipo watu wanapoharibu: wanawasha pampu kwa furaha. Weka mpini Waste, ili maji yatoke nje moja kwa moja, ndipo uwashe pampu na ufyonze kwa kifagio cha utupu polepole mno, hatua moja kwa pumzi mbili. Ukiharakisha, blanketi linapanda na unangoja usiku mwingine. Ukilipeleka kwenye Filter, utaziba mchanga au utalirudisha bwawani. Kwa bwawa la mita 8 kwa 4, kila sentimita 10 zinazoshuka ni lita 3,200, kwa hiyo uwe na maji ya kurudishia. Shabu inashusha pH na alkali kidogo. Pima upya jioni.

Yanayoleta ukungu tena

Oktoba na Novemba mijakaranda inachanua na zambarau yote inaishia kwenye skima. Kapu lisilomwagwa kila siku linaoza na kula klorini. Julai hadi Septemba ni vumbi la barabara zisizo na lami, na kwa walio kusini mwa mji wa Moshi, majivu ya miwa inayochomwa. Masika tatizo ni maji ya bustani yanayotiririka bwawani na udongo na samadi. Chimba kijimfereji kuzunguka ukingo kabla ya Machi. Juni ni baridi, hakuna anayeogelea, kila mtu anapunguza pampu hadi saa mbili kwa siku, na Agosti simu zinaanza kuita. Saa nne kwa siku zinatosha kipindi hicho.

Ukilazimika kumwaga maji

Acha klorini ishuke hadi sifuri kwanza, siku kadhaa za jua bila kuongeza dawa, kabla hujaelekeza maji nje. Mifongo ya Kilimanjaro, yaani mifereji ya umwagiliaji, na mito ya Arusha inanywesha mboga na mifugo ya watu wa chini yako. Mwaga theluthi, jaza, pima, kisha theluthi nyingine. Na usilimwage bwawa lote Aprili au Mei, udongo ukiwa umelewa maji. Bwawa tupu linaweza kusukumwa juu na maji ya ardhini, likapasuka sakafu. Kama ni lazima kulitoa maji yote, subiri Septemba, na fundi wa ujenzi awepo.